Mbuzi wa Kuwapatanisha Waingereza

Walipofungua sanduku la bati la marehemu mdogo wangu Asukulu, pale Baraka, kwanza ilitoka harufu ya moshi wa samaki, halafu ukatoka ukosi wa jezi. Ukosi tu. Jezi yenyewe ilikwisha zamani. Ulikuwa wa buluu, au niseme ulikuwa wa buluu wakati Wabelgiji walipokuwa bado wanatupimia pamba. Mke wa mtoto wake wa kwanza aliushika kwa ncha za vidole akaniuliza, "Shangazi, hii ni ya nini? Tutupe?" Nikamwambia auache. Nilitaka kumwambia kwamba kitambaa kile kilitugharimu mtoto, lakini watu hawaji msibani kusikiliza hadithi za vikongwe. Kwa hiyo naisimulia hapa, kwa wenzangu wenye mvi, waliofagia uwanja wa misheni wakiwa watoto na wanaojua jinsi mtu mzima anavyoweza kucheka huku nyumba yako inaungua.

Kijiji chetu kilikuwa njiani, kati ya mlima wa Fizi na ziwa. Misheni ilikuwa chini yetu kidogo, na chini zaidi, kwenye mchanga wa Baraka, walikaa wavuvi. Mwenye misheni alikuwa Mwingereza mrefu aliyetundika filimbi shingoni hata akihubiri, na sisi tulimwita Bwana Filimbi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipokuja, wenye vidonda walipona kweli, siwezi kumnyima haki yake. Nyumba yetu lakini aliiumiza, na aliiumiza kwa roho safi kabisa. Mtu wa namna hiyo ni mgumu hata kumchukia, maana hujui uanzie wapi.

Jezi zilikuja kwa meli ya ziwa, ndani ya magunia, kutoka kwa watoto wa kanisa la mji wake. Gunia moja nyekundu, gunia moja buluu. Wavulana wa kijiji chetu walizoea kuketi benchi za kulia kanisani, na wa wavuvi benchi za kushoto, basi Bwana Filimbi akagawa nyekundu kulia na buluu kushoto. Siku hiyo Asukulu alikuwa ametumwa na mama kurudisha kinu kwa jirani. Alifika amechelewa, akajibana kwenye benchi la kushoto karibu na mlango, akapewa buluu. Ilimfika magotini. Kaka yetu mkubwa Wilondja alipewa nyekundu. Mimi nilikuwa katikati yao kwa kuzaliwa, na kwa kuwa ni msichana sikupewa kitu, jambo ambalo nalishukuru mpaka leo.

Jumapili moja mchana, Bwana Filimbi alituketisha kwenye kivuli cha kanisa akatueleza maana ya rangi zile. Mjini kwao, mji wa meli nyingi na mto mpana, zamani kulikuwa na timu moja tu. Ilicheza kwenye uwanja wa tajiri mmoja mpika pombe. Tajiri akapandisha kodi. Wakubwa wa timu wakakasirika, wakabeba jina lao, wakavuka bustani wakaanzisha uwanja wao ng'ambo. Hao ndio wabuluu. Tajiri akabaki na uwanja mtupu, na kwa hasira akaunda timu mpya, ambayo baadaye ilivaa nyekundu. Tangu siku hiyo wanawindana. Alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa macho, na wavulana walinyamaza kabisa. Hawakunyamaza kwa sababu ya mpira. Walinyamaza kwa sababu hadithi ile waliijua.

Kila ukoo wa kwetu una hadithi kama ile. Ndugu walikaa pamoja, mmoja akala kidari cha mnyama ambacho kilikuwa haki ya mkubwa, wakagombana, na wengine wakabeba jina lao wakavuka mto. Walioachana hivyo hawagusi beseni moja mpaka achinjwe mbuzi, na kila upande ule nyama yake mbele ya mwenzake. Anayekula pamoja nao kabla ya mbuzi huvimba tumbo. Hayo tuliyanyonya na maziwa. Ndiyo maana Wilondja, aliyekuwa na akili kuliko wote pale, aliinua mkono.

"Bwana, kisha kuachana, balichinja mbuzi?"

"Mbuzi?"

"Ya kupatana."

Bwana Filimbi alicheka mpaka filimbi ikarukaruka kifuani. "Hapana, kijana. Hawajapatana. Hata leo bado. Mimi ni mwekundu, mke wangu ni wa buluu, na nyumbani kwangu ni vita kila siku."

Wengine wangeweza kudhani ni utani. Lakini wiki ile tulikwenda kundi zima kupeleka mayai misheni, na kupitia dirishani tukaona kwa macho yetu. Bwana alikuwa upande huu wa meza, Madamu upande ule. Kila mmoja na sahani yake, kijiko chake, kikombe chake. Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye chakula cha mwenzake. Tulikuwa hatujawahi kuona mtu na mke wake wakitengana chakula namna ile chini ya paa moja. Wavulana walitazamana: Bwana hakutania.

Wakati ule mwanaume hakula jikoni kwa mke wake. Alikula lubunga, kile kibanda cha wanaume kisicho na kuta katikati ya kijiji. Kila mama alipika, binti yake akabeba, na vyote vikawekwa pale, wanaume beseni lao, wavulana beseni lao. Mvulana akishahamia lubunga hakurudi kula jikoni. Kurudi ilikuwa aibu kuliko kukojoa kitandani.

Jioni ile mimi ndiye niliyeweka beseni la bugali na sombe, majani ya mihogo. Asukulu aliponyoosha mkono, mtoto mkubwa wa baba mdogo alimpiga kofi mkononi.

"We iko buluu. Unataka tuvimbe tumbo?"

Asukulu alicheka. Alidhani ni mchezo, maskini. Akamgeukia Wilondja, ambaye kwa ukubwa wake tulimwita yaya. "Yaya, ubaambie."

Wilondja aliangalia bugali. "Enda kwa benzako," akasema.

Basi Asukulu alikwenda upande wa wanaume, kwa baba mdogo Byaombe, mdogo wa baba yetu na mwenye lubunga. Baba yetu mwenyewe alikuwa machimboni huko Misisi, akichimba dhahabu ya kampuni, na alirudi nyumbani kwa nadra. Byaombe alikuwa mtu wa kutafuna polepole. Alisikiliza akitafuna.

"Bale Bangereza balichinja mbuzi?"

"Apana, baba mudogo."

"Sasa unanililia nini? Uvue ile mayo yako ya buluu."

"Ni yangu. Bwana alinipa mi."

"Na hata ukivua," akasema Byaombe, akichagua kipande cha samaki, "muntu havuake ukoo. Njaa itakufundisha."

Nimemzika Byaombe, nikamlilia kama ilivyo desturi, na sikumsamehe. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini alikuwa na desturi mkononi, na mtu mvivu akishika desturi haiachii, maana inamfanyia kazi ya kufikiri.

Watu huniuliza kwa nini hakuivua tu. Asukulu alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Suruali yake ilikuwa ya Wilondja, shati lake la Wilondja, hata panga lake la kulimia lilikuwa limeliwa na jiwe la kunolea la Wilondja. Jezi ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakikupitia kwa kaka yake. Angevua ngozi kwanza.

Nilimwekea ukoko jikoni, chini ya ungo. Aliutazama, akameza mate kwa sauti. "Mi si mwanamuke," akasema, akatoka. Alikula mihogo mibichi shambani, akala mapera ya misheni, akachoma panzi. Jezi ilizidi kuwa kubwa. Mama akimuuliza, anajibu, "Nimeshakula kwa lubunga." Aibu ilimfunga mdomo, na mimi nilifundishwa kwamba mambo ya lubunga hayaingii jikoni.

Hakufa njaa, na hapa lazima niseme ukweli juu ya Wilondja. Kila jioni, katikati ya chakula, aliinuka kama mtu anayekwenda kukojoa. Alipita nyuma ya nyumba yetu, na kwenye jani la mgomba, karibu na mawe ya kusagia, aliacha donge la bugali, na samaki kama alikuwepo. Asukulu alilikuta pale. Hawakuzungumza. Mchana Wilondja aliimba pamoja na wenzake wimbo wa kumsuta mbuluu mwenye mbavu, jioni anamlisha. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyompenda kwa lolote baadaye.

Kisha Bwana Filimbi akapata gazeti kutoka kwao, lililofungiwa kifurushi na kuzunguka bahari yote kabla ya kutufikia. Timu yake nyekundu ilikuwa imeshuka daraja. Sasa ilicheza na timu ndogo, na wabuluu, ambao wenyewe walikuwa wamepanda mwaka uleule, hata hawakukutana nayo tena kwenye ligi. Alitutangazia kwa uso wa matanga, na Madamu alicheka akajificha mlangoni. Sisi tulielewa tulivyoelewa: wekundu wamefiwa, na wabuluu wanacheka msibani. Kuanzia siku hiyo hawakumnyima Asukulu beseni tu. Walimrushia mavi ya mbuzi akipita karibu na lubunga.

Bwana Filimbi, ili kujifariji, aliandaa mchezo wa wekundu na wabuluu. Walikuja watu kutoka Fizi juu, kutoka kwa wavuvi, hata wengine kutoka Nundu. Wilondja alikuwa kipa. Mimi nilisimama nyuma ya goli lake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Asukulu alikuwa mdogo kuliko wote, kazi yake ilikuwa kukimbia huku na huku bila kupewa mpira. Karibu na mwisho mpira ulimgonga mguu bila yeye kuutafuta. Akaufuata. Akabaki yeye na kaka yake.

Wilondja alipanua miguu, akainama, akatabasamu kidogo. Nadhani alitaka kumwachia aupige mikononi mwake, ili mtoto asifiwe na goli lisiingie. Asukulu aliupiga katikati ya miguu yake.

Uwanja mzima ulicheka. Byaombe alicheka akishika mbavu. Madamu alipiga makofi. Msichana mmoja ambaye Wilondja alikuwa ameanza kumtazama alicheka kuliko wote. Wavuvi walimbeba Asukulu juu, na kutoka juu kule alimtafuta kaka yake kwa macho, anacheka, anangoja kaka naye acheke. Niliona uso wa Wilondja. Ulikuwa umefungwa kama duka.

Jioni ile jani la mgomba lilikuwa tupu. Asukulu alikaa karibu yake mpaka kuku wakaingia kulala. Kesho yake lilikuwa tupu tena, na Wilondja, kule lubunga, alikula mpaka mwisho bila kuinuka. Basi mtoto akashuka kwa wavuvi, kwenye lubunga lao, na wao wakasogea wakampa nafasi. "Ule ni wetu," wakasema. Wakampa samaki mwenye mafuta. Hakurudi.

Mama, aliyedhani mtoto analala na wavulana wenzake, alipashwa habari sokoni na mke wa mvuvi mmoja, mbele za watu. "We iko muzima kweli? Juu mutoto yako anakula kwetu sawa yatima." Mama aliacha mihogo yake palepale akashuka, na mimi nyuma yake. Asukulu alitoka na mafuta mdomoni. Alikuwa ameshaanza kunenepa, na hilo lilimuumiza mama kuliko kama tungemkuta mgonjwa.

"Turudie nyumbani," mama akasema.

"Mbuzi ikichinjwa, mama, nitarudia."

Hapo ndipo tulipomweleza yote. Hakupiga kelele. Alifikiri njia nzima ya kupanda, na alipofika alikuwa amepata dawa. Ugomvi haukuwa wa watoto wake, ulikuwa wa Waingereza. Bwana Filimbi mwekundu, Madamu mbuluu: pande zote mbili ziko nyumba moja, mlango mmoja. Kazi gani hapo? Mama alikuwa na mbuzi mmoja jike, wa kwake mwenyewe, aliyempata kwa kupalilia pamba za watu. Asubuhi alimfunga kamba na kumwosha miguu, na tukateremka misheni.

Bwana Filimbi alikuwa barazani. Mama alipiga magoti.

"Bwana, nimeleta mbuzi ya kupatanisha batu ya kwenu. Weye munyekundu, na Madamu mubuluu. Mukule, batoto yangu barudie beseni moja."

Alielewa kila neno, nakuapia. Alimwita Madamu aje asikie. Walicheka mpaka Madamu akafuta machozi kwa aproni, na hayakuwa machozi mabaya, aliguswa kweli. "Mama," Bwana akasema, "si ugomvi wa kweli. Ni mchezo tu." Sasa, kwetu, asiyetaka kupatana ndivyo anavyosema. Humsikii akisema nakataa. Husema, ugomvi gani, mbona hakuna kitu. Mama alijua maneno yale, na uso wake ulianguka. Lakini Bwana akaongeza, "Asante kwa zawadi hii, Mungu akubariki," akamfunga mbuzi nyuma ya jiko, na mama akashika hapo kama mtu anayezama. Kama amempokea, atamchinja. Kama atamchinja, atatuita. Madamu akampa mche wa sabuni.

Tulingoja kuitwa. Siku walipofika wageni wao, wamisheni wenzao, tulisikia harufu ya nyama kutoka barabarani. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akaketi ukingoni mwa barabara, mahali anapoonekana vizuri kutoka barazani, ili wasipate taabu ya kumtafuta. Kupitia dirishani tuliwaona wakila, kila mmoja na sahani yake. Bwana alimwona mama, akampungia mkono kwa furaha. Mifupa alipewa mbwa.

"Bamekula benyewe," mama akasema. Hakulia. Nyumbani alichukua kisu akakata sabuni ile vipande viwili sawasawa, kama inavyokatwa nyama ya mbuzi. Kimoja akampa Wilondja. Kingine akanituma nikipeleke kwa Asukulu. Asukulu alikinusa, akaniuliza, "Nyama iko wapi?" Nikamwambia wazungu wameimaliza. Alinirudishia sabuni.

Wanaume wa lubunga nao walijua. Mbuzi ameliwa na hakuna aliyepatana, na hilo ni baya kuliko kutochinja, maana mbuzi wa pili hakuna. Baba aliporudi kutoka machimboni alimcharaza Wilondja fimbo, akashuka kwa wavuvi kumdai mtoto wake. Walimpokea kwa heshima. Walimwambia, "Amekula kwetu musimu nzima. Tumeshamupa kasia." Baba akapanda peke yake.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tulilima maisha yote. Asukulu akawa mvuvi, akaoa kwa wavuvi. Wilondja akaoa juu. Siku za soko walisalimiana kwa adabu, wakaulizana habari za watoto. Hata vita vilipotukimbiza ng'ambo ya ziwa, kambini, ambako kila mtu alikula na yeyote, hao wawili walipanga foleni mbili za uji. Mama alikufa akiwa na watoto wawili wa kiume wazima wa afya, na hakuwahi tena kuiona mikono yao pamoja.

Mjukuu wangu mmoja alichukuliwa pamoja na wakimbizi wengine akapelekwa Uingereza. Nilimwomba kwa simu aniulizie ule mji wa mto mpana. Alirudi na jibu akicheka. "Bibi, batu ya kule ni nyumba moja. Baba nyekundu, mama buluu. Banaenda kwa mupira na motokari moja, banakaa pamoja. Ni tangu zamani."

"Na sahani?" nikauliza.

"Sahani gani, Bibi?"

Nilipanga kushuka Baraka kumwambia Asukulu. Kifo kikanitangulia. Basi niliyabeba maneno yale mpaka msibani, na siku ile ya sanduku la bati, nilipomwona Wilondja ameketi peke yake na fimbo yake ya uzee, nilikwenda nikakaa karibu yake. Nilimwambia. Aliilaza fimbo yake chini.

"Tangu zamani?" akauliza.

"Tangu zamani, yaya."

Aliomba maji. Alinawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, kama tulivyofundishwa utotoni, akaikung'uta, akaenda bila fimbo mpaka kwenye beseni la bugali na ndakala, dagaa wa ziwani, ambalo watoto wa Asukulu walikuwa wamelizunguka. Akaanza kuinama ili akae.

Mtoto wa kwanza alisimama haraka, kwa heshima zote. Alimshika kiwiko kwa mikono miwili, akamgeuza taratibu kuelekea meza ndogo iliyotandikwa kitambaa, yenye sahani moja na kijiko kimoja.

"Baba mukubwa, ya kwako iko hapa. Baba alituachia neno: batu ya juu habakulake na sisi. Hatuwezi kukukosea heshima."

Maji yalikuwa bado yanamdondoka vidoleni. Wilondja aliitazama ile sahani, halafu akawatazama wale vijana, wote wana paji la uso la mdogo wake. "Asante, batoto yangu," akasema. Akaketi, akashika kijiko, akala peke yake mpaka sahani ikabaki nyeupe.